Chumba kinachovuma: namna mapazia, mazulia na makochi yanavyopunguza kelele katika nyumba za Jinja na Mbale

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, hufanana kwa ndani. Kuta ni za matofali yaliyopigwa lipu, kisha zikapakwa rangi ya mafuta ili zifutike kwa urahisi. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa au ya vigae vinavyong'aa. Juu kuna mabati, na mara nyingi hakuna dari. Ni nyumba imara na safi, isiyohofia mchwa wala cheche kama ile ya nyasi iliyoitangulia. Lakini ina kasoro moja ambayo mwenyewe huigundua siku ya kwanza, kabla vyombo havijaingizwa: akisema neno, nyumba inamjibu.

Kwa wengi kasoro hiyo huonekana ndogo hadi maisha yanapoanza ndani ya kuta hizo. Redio ikifunguliwa, maneno yanatoka yakiwa yamevurugika. Watoto wawili wakicheza, sauti inakuwa ya watoto sita. Mzee ambaye masikio yake yamepungua nguvu anaacha kushiriki mazungumzo, si kwa sababu hasikii kabisa, bali kwa sababu anachosikia hakieleweki. Na mfanyakazi wa zamu ya usiku katika viwanda vya Jinja, anayetakiwa kulala mchana wakati mtaa mzima uko macho, halali.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kelele hiyo inaweza kupunguzwa kwa vitu vinavyouzwa katika masoko ya miji hiyohiyo: vitambaa, mikeka, blanketi za mitumba, makochi, magunia. Habari isiyopendeza ni kwamba sehemu nyingine haitasikia pazia wala zulia, na watu wengi hutumia fedha zao mahali pasipofaa kwa kutojua tofauti.

Kelele mbili zenye tabia mbili

Kelele iliyomo chumbani ina asili mbili. Ya kwanza huzaliwa humohumo: mazungumzo, televisheni, sufuria, viti vinavyoburutwa. Hiyo hukuzwa na chumba chenyewe, kwa kuwa kuta, sakafu na dari huirudisha tena na tena badala ya kuiacha ife. Ya pili huingia kutoka nje: bodaboda zinazopita, kinu cha kusaga mahindi, baa yenye spika barazani, kibanda cha video, mkesha wa maombi, au jirani wa mlango wa pili.

Vitambaa na samani huiweza vizuri kelele ya kwanza. Ya pili huipunguza kidogo tu, yaani ile sehemu yake ambayo, ikishaingia, ingeendelea kuruka kutoka ukuta hadi ukuta. Sehemu inayotoka dirishani moja kwa moja hadi sikioni haiguswi na zulia lililo sakafuni. Kuizuia kunahitaji uzito na kuziba mianya, na hiyo ni kazi ya mwashi na seremala zaidi kuliko ya fundi wa mapazia.

Kipimo cha kujua chumba kinaugua nini hakigharimu chochote. Mtu asimame katikati ya chumba wakati mtaa umetulia, apige kofi moja kali, kisha asikilize. Ikiwa kofi linaacha mlio unaotetemeka kama waya uliovutwa, chumba kina mwangwi na kinahitaji vitu laini. Ikiwa kofi linakufa mara moja na bado kelele zinasumbua usiku, basi tatizo liko dirishani, mlangoni au juu ya kuta.

Sauti inapokosa pa kufia

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Katika sebule ya kawaida hilo humaanisha kwamba hugonga ukuta, sakafu au dari zaidi ya mara 100 kila sekunde. Kila inapogonga, sehemu ndogo ya nguvu yake humezwa na sehemu iliyobaki hurudi chumbani. Saruji, lipu na vigae humeza asilimia 1 hadi 3 hivi. Kitambaa kizito chenye mikunjo humeza karibu nusu. Siri ya kitambaa iko katika vinyweleo vyake: hewa inayotikisika huingia kati ya nyuzi, husuguana nazo, na mtikisiko hugeuka kuwa joto dogo mno lisilohisika.

Aliyeyapima mambo haya kwa mara ya kwanza alifanya hivyo kwa mito ya kukalia. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jengo la makumbusho ya sanaa ya Fogg, na ukumbi huo haukufaa kitu, kwa kuwa maneno ya mhadhiri yalipandana hadi hayaeleweki. Kazi ya kuurekebisha alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Akiwa na bomba la kinanda na saa ya kupimia sekunde, alifanya kazi usiku, mji ulipokuwa kimya. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa karibu wa Sanders, akaiingiza kidogokidogo, na kila mara akapima sauti inachukua muda gani kufa. Ukumbi mtupu ulishikilia sauti kwa zaidi ya sekunde 5. Ulipojaa mito, muda huo ulishuka hadi sekunde 1 na kidogo.

Sabine alikitazama kila kitu chumbani kana kwamba ni dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, basi dirisha wazi la mita moja ya mraba ndilo kipimo kamili cha kumeza sauti. Kochi, pazia, hata mtu aliyeketi, kila kimoja kina thamani yake kwa kipimo hicho. Mtu mzima mmoja ni kama nusu ya mita ya mraba ya dirisha wazi. Ndiyo maana ukumbi wa harusi unaovuma asubuhi wakati wa kupanga viti huwa mpole jioni wageni wakishajaa.

Kanuni yake bado inatumika duniani kote, na si ngumu. Ujazo wa chumba huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa jumla ya hayo "madirisha wazi". Jibu ni idadi ya sekunde ambazo sauti hudumu.

Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 5, yenye kimo cha mita 3 na dari ya lipu. Ujazo wake ni mita 60. Kuta, sakafu na dari vikijumlishwa ni mita za mraba 94, na vikimeza asilimia 3 tu ya sauti, chumba kizima ni sawa na dirisha wazi la mita za mraba 2.8. Sauti itadumu karibu sekunde 3 na nusu. Hicho ni chumba cha kupigia mluzi, si cha kusikilizia taarifa ya habari.

Sasa sebule hiyo iwekewe mapazia mazito yenye mikunjo yanayofunika mita 6 za mraba: yanaongeza 3. Seti ya makochi ya sponji yaliyovikwa kitambaa inaweza kuongeza 4 hivi. Zulia nene la mita 6 za mraba linaongeza 1.2. Jumla inakuwa 11, na sauti inadumu chini ya sekunde 1. Kiwango cha kelele inayozaliwa chumbani nacho hushuka kwa takriban desibeli 6. Kwa kulinganisha, sikio la mwanadamu huhisi punguzo la desibeli 10 kama kelele iliyopungua nusu.

Katika hesabu hii mna jambo lenye faida kwa mwenye kipato kidogo. Kila jumla ya "madirisha wazi" inapoongezeka maradufu, kelele hushuka desibeli 3. Kutoka 2.8 hadi 5.6 kunahitaji mapazia mazuri peke yake. Kushuka desibeli 3 nyingine kutoka hapo kunahitaji nyongeza ya 5.6, yaani maradufu ya kile cha kwanza, na gharama huendelea kupanda vivyo hivyo. Kwa hiyo shilingi za mwanzo ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Chumba kitupu kikipata pazia moja la maana, tofauti husikika mara moja. Sebule iliyokwisha kujaa makochi ikiongezwa zulia la tatu, hakuna atakayetambua.

Paka, taka, saka

Pengine mtu atauliza kama mwangwi unastahili kusumbukiwa hivyo. Jibu linapatikana katika maneno yenyewe. Paka, taka, saka na kaka hutofautiana kwa konsonanti ya kwanza pekee, na konsonanti ni sauti fupi na dhaifu. Irabu ni ndefu na zenye nguvu. Katika chumba chenye mwangwi, irabu ya silabi iliyopita huwa bado inavuma wakati konsonanti inayofuata inatamkwa, ikaifunika. Msikilizaji anabaki na "a" mbili na kazi ya kubahatisha.

Aliyekulia ndani ya lugha hubahatisha vizuri. Anayejifunza lugha hubahatisha vibaya, na mwangwi humwumiza zaidi kuliko mwenyeji. Jambo hilo lina uzito katika nyua za Jinja na Mbale, ambako Kisoga, Kimasaba, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza huweza kusikika kabla ya chai ya asubuhi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto atakayekisoma atakirudia nyumbani, katika chumba ambamo huenda nusu ya konsonanti hazifiki. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilishauri kwamba katika darasa mwangwi usizidi sekunde 0.6. Vyumba vingi vya saruji, vya shule na vya nyumbani, viko mbali na hapo.

Kuna na hasara ya pili. Mwaka 1911, tabibu wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Katika chumba kinachovuma, mmoja akipandisha, wa pili humfuata, televisheni huongezwa ili isikike juu yao, na wote wakajikuta wanapiga kelele kwa mazungumzo ambayo yangetosha kunong'onwa. Chumba kikilainishwa, watu hushusha sauti wenyewe.

Anayetaka kusikia tofauti hiyo kabla ya kutumia fedha aingie msikiti uliotandikwa zulia ukuta hadi ukuta, kisha aingie ukumbi wa vigae wenye ukubwa kama huo.

Vitu vya kuanzia

Pazia ndilo lenye faida ya kwanza, lakini si kila pazia. Neti nyepesi ya nailoni hupamba dirisha na kuzuia macho ya wapita njia. Kwa sauti ni kama haipo. Kitenge cha tabaka moja, kikitandazwa bila mikunjo, humeza kidogo sana. Pazia linalofanya kazi lina uzito na mikunjo: kitambaa chenye upana usiopungua maradufu ya dirisha, kianzie karibu na dari na kifike sakafuni. Asiye na uwezo wa kununua kitambaa kizito anaweza kumpelekea fundi cherehani blanketi la mitumba lishonwe kama bitana nyuma ya kitenge. Upande wa mbele unabaki na maua yake, na kazi inafanywa na upande wa nyuma.

Umbali kutoka ukutani nao una maana. Karibu kabisa na ukuta hewa haina nafasi ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kitambaa kilichobandikwa pale hakina cha kusugua. Kikining'inizwa sentimita 10 hivi kutoka ukutani humeza sauti za mazungumzo vizuri zaidi, bila kuongezwa hata uzi. Fimbo ya pazia ikitokezwa mbele kidogo kwa vipande vya mbao, imetosha.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, kile ambacho Uganda hukiita muzigo, jina ambalo msemaji wa Kiswahili huwa halisikii bila kutabasamu, pazia lina nafasi bora kuliko zote. Ni desturi kugawa chumba hicho kwa pazia: kitanda upande mmoja, viti upande mwingine. Pazia hilo la katikati humeza sauti kwa pande zote mbili, na limesimama mbali na ukuta, mahali hasa hewa inapotikisika. Likiwa zito na lenye mikunjo, hushinda pazia lolote la dirishani. Tena mpangaji akihama, huondoka nalo.

Zulia na mkeka hufanya kazi ya namna nyingine. Mkeka mwembamba juu ya saruji haumezi sauti nyingi ya mazungumzo. Faida yake ni kuua kelele za miguu, vyombo vinavyoanguka na viti vinavyoburutwa, ambazo ndizo humkera jirani na kumwamsha mtoto. Ukitandikwa juu ya blanketi kuukuu, nguvu yake huongezeka. Miguu ya viti ikiwekewa vipande vya kandambili zilizochakaa, kelele hiyo hukoma kwa gharama ya gundi tu. Ila kwa nyumba za Mbale zilizo karibu na mto Nabuyonga au Namatala, ambako mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022 yaliingia majumbani, ni busara vitu laini vipande ukutani badala ya kulala sakafuni.

Makochi na kitanda ni vimezaji vikubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya unene wa sponji. Godoro peke yake hufanya chumba cha kulala kiwe kitulivu kuliko sebule. Lakini kochi la ngozi bandia, au lile ambalo mwenyewe ameliachia nailoni ya dukani ili lisichafuke, huirudisha sauti nyembamba kana kwamba ni ukuta. Kipimo ni pumzi. Kitambaa kikiwekwa mdomoni na pumzi ikapenya kwa shida kidogo, kinafaa. Isipopenya kabisa, ni plastiki; ikipenya kama hakuna kitu, ni neti.

Mashariki mwa Uganda pana mali ghafi za kutosha kutengeneza kimezaji cha ukutani. Mbale ni mji wa kahawa ya Mlima Elgon, makao ya Chama cha Ushirika cha Bugisu kilichoanzishwa mwaka 1954, na magunia ya katani hayakosekani sokoni. Seremala akitengeneza fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 7 hadi 10, ikajazwa nguo kuukuu, vipande vya fundi cherehani au sufi ya mto, kisha ikafunikwa kwa gunia safi, kitenge cha pamba au mbugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, kinapatikana kitu kinachofanana na bidhaa za studio na kinachopendeza macho. Fremu mbili au tatu za namna hiyo, katika ukuta unaokabiliana na televisheni na nyuma ya viti, huzidi zulia la bei ghali. Upande wa Jinja, mafunjo ya kando ya ziwa hufumwa kuwa viwempe, na kiwempe kilichotengwa na ukuta kwa papi za mbao hushinda lipu tupu kwa mbali.

Kabati la vitabu lililojaa husaidia, ingawa zaidi kwa kuitawanya sauti kuliko kuimeza. Vivyo hivyo nguo zilizotundikwa wazi. Kabati la nguo lisilo na mlango, kwa hili moja, ni bora kuliko lenye mlango.

Trei za mayai hazistahili sifa zinazopewa. Katika studio ndogo na hata vyumbani mwa vijana huonekana zimebandikwa ukutani kwa mistari mirefu, zikiaminiwa kuzuia sauti isitoke. Karatasi yake ni nyepesi mno kuzuia chochote, na humeza sehemu ndogo tu ya sauti nyembamba, ikiziacha nzito zipite. Badala yake hukusanya vumbi na kushika moto upesi.

Redio yenyewe nayo ina mahali pake. Ikiwekwa pembeni ambapo kuta mbili hukutana, sauti nzito huvimba na maneno hupotea. Ikisogezwa karibu na anayeisikiliza, juu ya kitambaa kilichokunjwa, husikika vizuri kwa sauti ya chini kuliko ilivyosikika kwa kelele ikiwa juu ya kabati.

Mahali ambapo pazia hushindwa

Sauti nzito za besi zina mawimbi marefu. Wimbi la sauti ya katikati ya mazungumzo lina urefu wa sentimita 34 hivi. La besi ya muziki wa dansi hufikia mita 3 na zaidi. Kitambaa cha unene wa kidole hakina la kulifanya wimbi refu kuliko chumba. Ndiyo maana mtu anayelala karibu na baa hasikii maneno ya wimbo bali mdundo, na ndiyo maana hata akifunika kuta zote kwa mablanketi, mdundo utabaki.

Mianya nayo ina hesabu yake kali. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Lakini ikiwa asilimia 1 tu ya eneo lake ni tundu, ukuta wote hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20. Uwazi chini ya mlango, kioo kilichovunjika, au pengo kati ya fremu ya dirisha na ukuta huifuta kazi yote ya mwashi. Kuziba pengo chini ya mlango kwa mto mrefu uliojazwa mchanga au nguo, na kuzungushia fremu ya mlango utepe wa sponji, hufaa kuliko kununua pazia la pili.

Katika safu za vyumba vya kupanga mna tundu kubwa lisiloonekana. Mara nyingi kuta za kugawa vyumba huishia usawa wa chini ya paa, na juu yake mabati ni mamoja kwa safu nzima. Maneno ya jirani hayapiti ukutani. Hupita juu, kama mtu anayechungulia uani. Hapo dawa ni dari, au kuuinua ukuta hadi uguse bati, na hilo ni la mwenye nyumba. Mpangaji anaweza walau kuhamisha kitanda kiende ukuta wa nje, mbali na jirani na mbali na dirisha.

Mvua ni kisa cha pekee, hasa Mbale, chini ya mlima. Bati tupu ni ngozi ya ngoma: kila tone hulitikisa, na chumba kizima hujaa. Mapazia na makochi hupunguza mvumo kwa kiasi, lakini ahueni ya kweli huja kwa dari iliyowekewa juu yake tabaka la kitu kizito au chenye nyuzi, kama viwempe viwili vilivyopandanishwa. Wazee waliolala chini ya nyasi hawakuijua taabu hii.

Jambo moja halina mjadala. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha huingiza kelele nyingi, na kishawishi cha kuyaziba kwa matambara ni kikubwa. Katika chumba ambamo sigiri ya makaa huwashwa au huingizwa ingali na moto, kuyaziba kunaweza kuua: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Afadhali kelele. Hata pasipo sigiri, chumba cha watu watano kinahitaji hewa, na ubao ulioinamishwa mbele ya tundu, ukiwa umebandikwa kitambaa nyuma yake, hukata sehemu ya kelele bila kuifunga njia ya hewa. Sponji na vitambaa viwekwe mbali na mishumaa na majiko, na vikung'utwe juani mara kwa mara, kwani vumbi la zulia ni adui wa mwenye pumu.

Pale chanzo kilipo nje na kina nguvu, njia ni ya kisheria. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2003, zilizo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, ziliweka kiwango cha juu kwa nyumba za makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Palipochanganyika makazi na biashara na burudani, viwango ni 55 na 45. Mlalamikaji huanza kwa mwenyekiti wa LC 1 wa mtaa wake, kisha halmashauri ya jiji, na Jinja na Mbale zote zimekuwa majiji tangu Julai 2020. Programu za simu zinazopima desibeli si sahihi kiasi cha kutegemewa kama kipimo rasmi, lakini orodha ya tarehe, saa na vipimo kadhaa humfanya mlalamikaji asikilizwe kuliko anayekuja na hasira peke yake.

Kelele nyingine, hata hivyo, hazipelekwi kwa mwenyekiti. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ngoma za kadodi huzunguka Mbale kwa wiki nyingi kuwasindikiza vijana wa Kimasaba wanaoelekea tohara ya imbalu, na watu hufungua madirisha kwa makusudi. Mgeni aliyehamia Namakwekwe au Namatala mwaka wa witiri, akaona mtaa umetulia, aulize kalenda kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Kwa wengine wote, mpango wa matumizi hufuata kofi lililopigwa mwanzoni. Mwenye chumba kinachovuma aanze na pazia moja zito, apige kofi tena, na asinunue cha pili kabla hajasikia tofauti. Mwenye chumba kisichovuma lakini hakilaliki aanze na uwazi wa chini ya mlango, usiku huohuo, kwa taulo lililokunjwa. Na kabla ya kupigilia msumari wa fremu ya kwanza, mpangaji aombe ruhusa. Wenye nyumba wengi hawalipendi tundu jipya katika lipu yao, ila hukubali haraka wakiambiwa kwamba fremu itabaki.